Kisugu Imehojiwa vya Kutosha

Wakazi wa Kisugu, Kampala, hawahitaji hojaji nyingine. Wamekwisha kuulizwa wanateka maji wapi, choo kinatumiwa na familia ngapi, takataka wanazipeleka wapi na chumba wanakilipia shilingi ngapi. Aliyeuliza habari za choo alikuwa mwanafunzi wa afya ya jamii. Wa kodi alisoma uchumi. Wa takataka alisoma mazingira. Walipita vichochoro vilevile, wakaruka mitaro ileile, wakitokea chuo kimoja, na hakuna aliyejua kuwa mwenzake yupo. Kila mmoja akaandika ripoti yake, akapata alama zake, akavaa joho. Kisugu ikabaki na maji mlangoni kila mvua inaponyesha.

Chuo hatukitaji. Kila chuo kitajijua.

Kisha vyuo hivyohivyo huitisha kongamano hotelini kuzungumzia maendeleo endelevu na haja ya taaluma kushirikiana. Kuna chai ya saa nne, kuna picha ya pamoja ngazini, kuna azimio. Maazimio tumeyasikia. Tunachouliza ni kitu kidogo tu: wale wanafunzi watatu, nini kiliwazuia kutumwa pamoja?

Tusiambiwe kwamba jambo hili linahitaji nadharia. Simama tu Kisugu uangalie juu, kisha uangalie chini. Juu kuna kilima cha Muyenga na matangi ya maji ya shirika la National Water, yaliyofanya watu wakiite Tank Hill. Chini kuna Namuwongo, reli, na mtaro wa Nakivubo. Mtaro huo unatoka katikati ya jiji, unakatiza eneo la viwanda, unabeba maji ya mvua, oili ya gereji, kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na mengine ambayo hayatajwi watu wakiwa wanakula. Unaingia kwenye kinamasi, na kinamasi kinamwaga katika ghuba ya Murchison, ziwani. Kilomita chache kutoka hapo, Ggaba, mabomba yanavuta maji ya kunywa ya jiji. Yakisafishwa yanasukumwa hadi matangi ya Muyenga. Yakiteremka yanaingia mabombani Kisugu. Yakishatumika yanarudi mtaroni.

Mzunguko ni mmoja. Chuoni, hata hivyo, umekatwa vipande: kinamasi ni cha watu wa mazingira, bomba ni la wahandisi, kuhara ni kwa madaktari, mpaka wa kinamasi ni wa wanasheria, bei ya dumu la maji ni ya wachumi. Wapangaji wa Kisugu kila mmoja ana jiko lake mlangoni, lakini chumvi ikiisha wanaazimana. Idara zetu zina majiko tu.

Wala si kwamba ushirikiano haujawahi kuonekana. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maria Nalubega wa Chuo Kikuu cha Makerere waliandika tasnifu moja ya uzamivu kwa pamoja, watu wawili, kinamasi kimoja: jinsi Nakivubo inavyosafisha majitaka ya Kampala. Mwaka huohuo wachumi walikipiga kinamasi hichohicho hesabu, wakasema kazi yake ya kuchuja uchafu ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Sheria nayo ilikuwa imekwisha kusema: Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inaiweka serikali kuwa mdhamini wa vinamasi kwa niaba ya wananchi.

Kwa hiyo kabla karne haijageuka sayansi ilikuwa imejibu, uchumi umejibu, sheria imejibu. Na kinamasi kimeendelea kuliwa, huku kifusi, kule matofali, kwingine matuta ya magimbi na miwa. Kilichokosekana ni kuyaweka majibu hayo kwenye meza moja na kumkaribisha mama anayelima magimbi pale, maana yeye ndiye mwenye swali ambalo tasnifu hazikuuliza: nikitoka hapa, watoto watakula nini? Bila jibu la swali hilo, kinamasi hakilindwi na katiba wala na mafunjo yaliyoota humo. Jiji limelazimika kulipa kwa njia nyingine. Bugolobi kumejengwa mtambo mpya wa majitaka wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, na maji ya kunywa sasa yanatolewa pia mbali huko Katosi, wilaya ya Mukono. Miradi mizuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini mafunjo yalikuwa yakifanya sehemu ya kazi hiyo bure.

Turudi vichochoroni, tuzungumze habari ya choo. Watu wa makongamano hawaipendi mada hii, ndiyo maana tutakaa nayo.

Nyumba nyingi za bei nafuu za Kampala ni mizigo, yaani vyumba vya mstari mmoja, kila familia na mlango wake, choo kimoja kwa wote. Bondeni maji ya ardhini yako karibu sana, shimo refu halichimbiki, basi choo kinajengwa kwa kuinuliwa na kinapandwa kwa ngazi. Kikijaa, lori la kunyonya haliwezi kupita kichochoroni. Ipo pampu ya mkono inayofika palipo pembamba, lakini hukwamishwa na matambara, kaveera na pedi zilizotupwa shimoni kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuzitupa. Mwenye nyumba haishi hapo. Ardhi huenda ni ya mailo, mfumo wa umiliki uliotokana na mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na aliyejenga ana kibanja tu, yaani haki ya kukaa hapo, hana hati. Hataki kuzika pesa katika kitu cha kudumu. Mpangaji naye hawezi kugharimia choo cha nyumba ambayo huenda akaihama mwezi ujao. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna anayefungulia shimo ili limwage mtaroni, na asubuhi kila mtu anajifanya hakusikia harufu.

Hilo ni somo la idara gani? Mhandisi akija peke yake atachora choo kizuri, kitajengwa, kitazinduliwa kwa utepe, kisha kitafungwa kufuli kigeuke stoo. Mwanasheria akija peke yake atapendekeza faini. Mtu wa afya atapendekeza elimu, kana kwamba watu wa Kisugu hawajui kinyesi ni nini. Mchumi atapendekeza mkopo kwa mwenye nyumba ambaye hajamwona. Kila pendekezo lina ukweli ndani yake, na kila moja likitekelezwa peke yake ni hasara.

Mfano mwingine ni chemchemi. Kwa miaka mingi ilionekana dhahiri kwamba chemchemi za Kampala zinachafuliwa na vyoo vya shimo vilivyo jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ukaonyesha kwamba uchafu huingia hasa mvua inaponyesha, ukisombwa kutoka juu ya ardhi: takataka na kinyesi kilichozagaa, pamoja na ujenzi mbovu au uliochakaa kuzunguka mdomo wa chemchemi. Choo cha jirani kilikuwa na hatia ndogo kuliko tulivyodhani. Angalia maana yake. Ungeweza kutumia pesa nyingi kuhamisha vyoo, wakati kilichohitajika zaidi ni uzio, udongo ulioshindiliwa vizuri, mfereji wa kukinga maji ya mvua, na mtu anayelipwa kufagia. Hapo mpima vijidudu bila fundi ujenzi hakusaidii, na wote wawili bila kamati ya kijiji inayoshika ufagio hawakusaidii pia. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilipozuka Kampala, na wagonjwa walioshukiwa wakazidi 10,000, uchunguzi ulielekea kwenye maji machafu na vinywaji vinavyouzwa barabarani. Maji tena, biashara tena, usafi tena, vyote katika chupa moja.

Sasa dawa. Ni nyepesi kiasi kwamba tunaona haya kuiandika.

Vyuo vya Kampala vina muhula mfupi wa katikati ya mwaka, ule ambao wanafunzi huuita risesi. Wahandisi wanakwenda mafunzo ya kazini, watu wa mipango miji wanakwenda kwao, wa sayansi ya jamii kwao, wa afya kwao. Muda upo, usafiri unatafutwa, wasimamizi wanateuliwa, alama zinatolewa. Haihitajiki shahada mpya wala jengo jipya lenye jina refu. Wapelekeni parishi moja, yaani eneo moja dogo la utawala. Wachanganyeni wanane wanane, mhandisi, muuguzi, mwanasheria, mchumi, mtu wa mimea. Wapeni tatizo moja, si mada moja. Na muhimu kuliko yote, wapeni alama moja kwa kazi moja. Mwanafunzi akijua alama yake imo mikononi mwa mwenzake wa idara nyingine, atajifunza lugha ya mwenzake kabla wiki haijaisha. Hakuna mhadhara unaoweza kufanya hivyo.

Mwakani wapelekeni parishi ileile. Hapa ndipo watafiti wetu wanapokosea zaidi: wanahamahama. Kisugu mwaka huu, Bwaise mwaka kesho, Katanga mwaka wa tatu, na kila mahali wanaanza na kuuliza idadi ya watu. Kundi la kwanza likipima mtaro, la pili lianzie pale lilipoishia. Baada ya miaka mitano chuo kitakuwa na kumbukumbu za kichochoro kimoja ambazo hakuna mfadhili anayeweza kuzinunua.

Jambo hili linafanyika tayari kwa watu wa afya. Tangu mwaka 1994 wanafunzi wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere wamekuwa wakitolewa nje ya kuta za darasa, wilayani, kwa mpango uliojulikana kama skuli isiyo na kuta. Na tangu 2003 wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ufamasia na wenzao wanatumwa pamoja kwenye vituo vya afya na vijiji, mpango unaojulikana kwa kifupi kama COBES. Daktari mtarajiwa na muuguzi mtarajiwa wanakaa mahali pamoja na kufanya kazi pamoja. Paa la chuo halikuanguka. Mipaka ya mpango huo ndiyo ya kusogeza: mwingize mhandisi wa maji, mwingize mwanasheria wa ardhi. Kisugu ina kituo cha afya cha serikali ya jiji, kwa hiyo hata mahali pa kuanzia pasitafutwe.

Udhuru tunaujua, tumeusikia wote.

Ratiba haziendani. Ratiba zimeandikwa na watu, tena wa jengo moja. Hatuna zaidi la kusema hapo.

Baraza la taifa la elimu ya juu litachelewesha idhini. Litachelewesha idhini ya shahada mpya, na sisi hatujaomba shahada mpya. Mafunzo ya vitendo yamo ndani ya shahada zilizokwisha kuidhinishwa.

Pesa hakuna. Tangu 2019 serikali imekuwa ikitoa pesa za utafiti kwa Makerere kupitia mfuko wa Mak-RIF, ulioanza na shilingi bilioni 30 kwa mwaka. Na nauli ya kutoka Makerere hadi Kisugu ni nauli ya boda. Kampala International University iko Kansanga, na wanafunzi wake wengine wangefika kwa miguu, kama si kwamba wamepanga humuhumu tayari. Kati ya yote yaliyoandikwa kuhusu ukosefu wa pesa za utafiti, hatujaona palipoeleza kwa nini safari tatu za watu watatu ni rahisi kuliko safari moja ya watu watatu.

Udhuru wa nne ndio wenye uzito, na ndio unaosemwa kwa sauti ya chini. Mhadhiri hapandishwi cheo kwa kazi ya pamoja. Kamati za vyeo zinahesabu makala, zinauliza jina lako ni la ngapi kwenye orodha ya waandishi, zinauliza kama jarida ni la fani yako. Mhandisi aliyeandika na mwanasoshiolojia anaonekana kapotea njia. Aliyekaa miezi sita akisuluhisha mwenye nyumba na wapangaji ili choo kijengwe hana safu ya kuandika kazi hiyo kwenye fomu. Basi mhadhiri mwenye akili anarudi kwenye uchochoro wake mwenyewe wa taaluma, na sisi tunamlaumu kwa ubinafsi. Mtu hulima shamba analolipwa. Badilisheni fomu. Ongezeni safu moja: kazi ya pamoja iliyobadilisha kitu mahali fulani, na mahali penyewe pathibitishe. Seneti inaweza kuipitisha kabla ya chakula cha mchana. Haijapitishwa kwa sababu waliopanda kwa ngazi ya zamani hawaoni haja ya ngazi nyingine, na hilo ndilo linalotuudhi.

Anayedhani haya ni ndoto za gazeti atazame Nairobi. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Taasisi zaidi ya 40 ziliingia, zikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore, wanasheria wa Katiba Institute, na wakazi wenyewe kupitia Muungano wa Wanavijiji. Watu wa maji, wa sheria, wa afya, wa fedha na wa makazi walilazimishwa kuandika mpango mmoja wa mahali pamoja. Mojawapo ya mambo yaliyojulikana ni kwamba mkazi wa Mukuru analipia maji na umeme bei ya juu kuliko mkazi wa mitaa ya wenye uwezo. Mhandisi peke yake asingeuliza swali hilo, na mchumi peke yake asingejua bomba linapita wapi. Miaka michache baadaye barabara za Mukuru zilianza kujengwa na mabomba ya majitaka kulazwa. Mukuru haijawa peponi. Lakini huko utafiti uliishia kwenye zege.

Kampala tuna somo la upande wa pili. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililotumika tangu 1996 na kujaa kupita kiasi, liliporomokea nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Hatusemi chuo kilisukuma takataka zile. Ila kila kipande cha maarifa kilichohitajika kilikuwepo mahali fulani Kampala: nani anaishi chini ya mlima ule, mteremko unabeba uzito gani, gesi inafanya nini ndani, sheria inasema nini, taka zinazoweza kutenganishwa majumbani ni kiasi gani. Takataka za Kisugu nazo zilikuwa zikienda huko huko. Hadi leo tunasubiri kuona kozi moja, ya lazima, inayowakalisha watu hao wote mbele ya mlima mmoja wa taka na kuwaambia hawatoki mpaka wakubaliane.

Kuna na hili la majibu kurudi. Serikali tangu 2022 imeifanya parishi kuwa kituo cha mipango yake, na kwa mpango huo kila parishi ilianza kwa kutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka za mikopo ya kaya. Yupo mtendaji wa parishi, ipo kamati, wapo wenyeviti wa LC1, mabaraza ya vijiji, wanaojua kila mlango. Watu hao wanapanga mambo kwa kukisia wakati vipimo vya maji na ramani za mafuriko za mitaa yao vimefungiwa rafuni, kwa Kiingereza kizito, juu ya mlima mwingine wa jiji hilihili. Basi liwe sharti: kundi halipewi alama mpaka limesimama katika mkutano wa kijiji na kueleza liliyoyaona, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, kurasa nne zikiachwa kwa mwenyekiti. Mama wa magimbi aruhusiwe kuuliza maswali. Tunaamini atakuwa mtahini mkali kuliko wa nje wanaolipiwa tiketi za ndege.

Makamu wakuu wa vyuo wanaweza kuamua haya kwa barua moja kabla ya risesi ijayo. Mamlaka ya jiji inaweza kuijibu kwa barua nyingine, kwamba parishi iko tayari kupokea. Waanze na kichochoro kimoja. Wakishindwa kuchagua kipi, mwenyekiti wa LC1 atawaonyesha, mradi waje na viatu vya mvua.